Mgao wa Lini?

Mzani ulifika Katoro kwa basi la jioni, ndani ya boksi lililozungushiwa selotepu ya kahawia. Nilipanda nao bodaboda mpaka Rwamgasa nikiwa nimeupakata kama mtoto. Siku nne kabla nilikuwa nimeuona kwenye simu: mzani wa dhahabu wa desimali mbili, unaobeba mpaka gramu 600, kwa shilingi laki tatu na nusu. Mwanza mzani wa aina ile nilikuwa nimeuulizia wiki hiyohiyo, haukushuka chini ya laki nane. Muuzaji alisema yuko Kahama na anabadilisha biashara. Nilituma nusu, na nusu ya pili tukakubaliana nimalizie mzigo ukinifikia.

Nyumbani niliuweka mezani, nikaugeuza tumbo juu, kama ninavyofanya kwa kila mzani. Pale inapobandikwa stika ya Wakala wa Vipimo palikuwa pamekwanguliwa kwa kitu chenye ncha, imebaki kona ndogo tu ya karatasi. Pembeni yake mtu aliwahi kuandika kwa wino mzito, na mtu mwingine akaja kuufuta kwa spiriti, ila haukutoka wote. Nikausogeza dirishani kwenye mwanga. Palisomeka "Mama", na baada yake jina la mtoto.

Niliketi. Nanunua dhahabu katika kijiji hiki tangu 1996, na mzee aliyenifundisha kazi alinikataza kushika fedha kabla sijauliza maswali matatu. Ule mzani niliulipia nusu bila kuuliza hata moja. Ndiyo maana nataka kueleza maswali yale yalitoka wapi, kwa sababu hayakuzaliwa na mzee wangu peke yake. Yametoka katika historia ya ardhi hii.

Kabla ya dhahabu, nchi hii ya Uzinza ilikuwa na sifa ya chuma. Warongo waliyeyusha chuma kwenye matanuru ya udongo wakafua majembe, na majembe hayo yalivuka kwenda Usukuma na Unyamwezi, yakalima, yakanunua mifugo, yakalipa mahari. Jembe lina hulka moja ambayo dhahabu haina: hubaki na alama za nyundo iliyolifua. Dhahabu ukishaiyeyusha inasahau kila kitu. Kipande kilichochimbwa kwa haki na kipande kilichoibwa usiku ukivitia katika chungu kimoja, hakuna mtaalamu atakayevitenganisha.

Wajerumani waliiona dhahabu ya Geita mwaka 1898, lakini mgodi wenyewe ulianza kazi wakati wa Waingereza, katika miaka ya 1930, ukaendelea mpaka 1966. Baba yangu aliingia mle chini akiwa kijana wa miaka ishirini, akafanya kazi hadi siku ya kufungwa. Kwa maelezo yake, ndani ya mgodi hakuna aliyehoji jiwe ni la nani. Yote yalipanda njia moja, yakapondwa kwenye kinu kimoja, na mwenyewe alikuwa mmoja. Mgodi ulipofungwa, watu waliojua kusoma mwamba walitawanyika na ujuzi wao vichwani. Wengine walirudi kwenye pamba. Wengine walianza kufuata mishipa ya dhahabu kwa sururu na tindo huku Rwamgasa, Nyarugusu, Mgusu na kwingineko, na hapo ndipo jiwe lilipoanza kuwa na wenyewe wengi: mwenye shamba, mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, anayechimba, anayevuta kamba, anayemlisha anayechimba.

Serikali iliunda STAMICO mwaka 1972, na madini yakawa mali ya umma katika maneno na katika sheria. Mchimbaji mdogo alibaki mtu wa pembeni. Halafu ukaja mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka usiku ambao baba alifunga dhahabu yake kwenye kipande cha shati, uzito wake haukufika sarafu mbili za shilingi, akaifukia chini ya jiwe la kusagia la mama. Kwa miaka kadhaa mama alisagia mtama juu ya mali ile.

Mnunuzi wa siku hizo alikuja usiku. Hakuwasha taa kubwa, hakutaja jina, na hakuuliza jina. Naye muuzaji hakutaka kuulizwa. Baba alikuwa akisema kwamba bei ya usiku huwa nusu ya bei ya mchana kwa sababu nusu nyingine inalipia kimya. Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi utotoni bila kuyaelewa. Niliyaelewa vizuri mbele ya ule mzani wa laki tatu na nusu.

Mwaka 1990 hali ikageuka. Serikali iliamua kwamba dhahabu inunuliwe kupitia mabenki, kwa bei iliyokaribia ile ya magendo, na mtu asisumbuliwe sana ameitoa wapi. Shabaha ilikuwa kuvuta dhahabu itoke mafichoni, na ilitoka kweli. Baba alilisogeza jiwe la kusagia akafukua kitambaa chake. Kilikuwa kimeoza, dhahabu iko vilevile. Alirudi kutoka benki na baiskeli, mabati kumi na mawili, na kitenge cha mama. Mimi sishutumu uamuzi ule, kwa sababu nyumba niliyokulia iliezekwa nao. Ila ulituzoesha kitu kimoja: kwamba dhahabu inaweza kupokelewa hadharani, juu ya kaunta, mchana, na swali la asili yake lisiulizwe.

Jirani zetu Kenya walilipa gharama ya kutouliza kwa kipimo kikubwa zaidi. Kuanzia 1990 kampuni ya Goldenberg International iliahidiwa fidia ya asilimia 35 kwa kila dhahabu na almasi itakayosafirisha nje, katika nchi ambayo haina almasi na dhahabu yake wakati ule ilikuwa kidogo mno. Fomu zilijazwa, mihuri ikagongwa, fedha zikatoka hazina kwa mabilioni ya shilingi. Aliyesaidia kuifichua habari ile mwaka 1993 alikuwa David Munyakei, karani kijana wa Benki Kuu ya Kenya, ambaye alitazama karatasi zilizopita mezani kwake akaona haziingii akilini. Alikamatwa, akapoteza kazi, na alikufa maskini. Tume ya Jaji Samuel Bosire ilianza kuchunguza jambo hilo miaka kumi baadaye, 2003. Ninapomfikiria Munyakei, namfikiria kama mtu wa kazi yetu: aliyeuliza dhahabu hii imetoka shimo gani.

Mzee aliyenifundisha alikuwa na kibanda karibu na mialo ya kuoshea dhahabu, mahali ambapo harufu ya unga wa mawe na maji machafu haikutoki puani hata ukioga. Siku ya kwanza alinikabidhi daftari, hakunikabidhi mzani. Lilikuwa na safu alizochora kwa rula: tarehe, jina, duara, karasha la kupondea mawe, gramu, bei. Mtu akiingia na dhahabu, mzee alianza na salamu ndefu, mwangaluka, habari za watoto, habari za mvua, kisha akauliza kana kwamba anaendelea na mazungumzo: "Duara la nani?" Halafu: "Mgao wa lini?" Halafu: "Mlipondea kwa nani?"

Hayo ndiyo maswali matatu, na la katikati ndilo lenye nguvu. Kwenye duara mawe hayachukuliwi hovyo. Yakipanda juu hujazwa kwenye viroba, na viroba hugawanywa mbele ya wote: fungu la mwenye leseni, la mwenye duara, la wachimbaji. Mgao ni siku inayojulikana, watu husimama wakahesabu, na wengine hugombana. Aliyepata mawe yake kwa haki anaikumbuka siku hiyo kama anavyokumbuka siku ya harusi. Aliyechomoa mawe chini usiku akayaficha kwenye buti atajua jina la duara na atajua jina la karasha, lakini kwenye mgao atasitasita. Mzee alikuwa akisikiliza ile pumzi ya kusitasita. Kisha alisema kwa upole, "Ng'wanawane, nenda kamwite mwenzako mliyegawana naye, mje wawili." Wengi hawakurudi.

Sitaki ionekane kwamba udanganyifu ulitoka upande wa wauzaji peke yao. Niliwaona wanunuzi waliochezea mizani, waliobandika kipande cha gundi chini ya sahani, waliopima huku feni inapuliza. Na kwa upande wa wauzaji wapo walioichoma dhahabu nusunusu makusudi ili zebaki iliyotumika kuikamatia ibaki ndani yake na kuongeza uzito. Ndiyo maana mnunuzi huichoma tena. Dhahabu iliyotoka kwenye zebaki huja ikiwa na matundumatundu kama sponji, rangi yake ya njano imefifia. Ukiipuliza moto ikatoa moshi na kupungua, umeshajua.

Baada ya moto yanakuja maji. Hapa nieleze taratibu, kwa sababu wengi wanatuona tukifanya bila kujua tunafanya nini. Unapima kipande kikiwa kikavu. Tuseme gramu 4.32. Unaweka glasi ya maji juu ya mzani, unaurudisha kwenye sifuri, unakining'iniza kile kipande kwa uzi kizame bila kugusa kitako wala ubavu wa glasi. Mzani utaonyesha uzito wa maji yaliyosukumwa, tuseme 0.25. Unagawanya ya kwanza kwa ya pili, unapata 17.28. Dhahabu safi kabisa hutoa 19.3. Hii yetu basi ina fedha au shaba ndani yake, na bei inashuka kwa kiasi hicho. Shaba nyeupe iliyopakwa rangi haifiki hata 9, na mwenye kuileta anakuwa ameshatoka nje kabla hujamaliza kugawanya.

Hesabu hii naipenda. Imenilinda miaka mingi. Lakini maji yanajua uzito, hayamjui mwenye mali. Kipande cha 17.28 kilichoibwa na cha 17.28 kilichogawanywa kwa haki vinasukuma maji sawasawa. Kwa hilo hakuna chombo, kuna daftari tu na mtu wa kuulizwa.

Mwaka 2003 walikuja wataalamu wa mradi wa zebaki wa Umoja wa Mataifa. Waliandika jina la kijiji chetu Rwamagasa, kama ofisi nyingine zinavyoandika Lwamgasa, na kijiji ni kilekile. Walichukua maji na matope ya mto Isingile, samaki, nywele, mkojo na damu zetu. Watu walicheka kuona mtu mzima anakusanya mkojo wa wachimbaji. Mimi nilivutiwa na jambo moja: kila chupa ilibandikwa karatasi yenye namba, siku na mahali. Walitaka kujua zebaki inatoka kwa nani na inaishia kwa nani, na hawakukubali chupa isiyo na maelezo. Nilimwambia mzee, hawa nao wana daftari kama letu.

Karatasi hatimaye zilitufikia na sisi. Januari 2019 Rais Magufuli aliwaita wachimbaji wadogo Dar es Salaam akasikiliza malalamiko ya kodi. Baada ya hapo VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5 ziliondolewa kwa mchimbaji mdogo, na Machi mwaka huohuo soko la dhahabu likafunguliwa Geita mjini. Vituo vya kununulia vikafuata kwenye maeneo ya machimbo. Leo naingia na leseni ya ubroka, dhahabu inapimwa kwa mashine mbele ya ofisa, mrabaha na ada ya ukaguzi vinakatwa, fomu inaeleza imetoka eneo gani. Ni biashara ya mchana tena, na safari hii swali limeandikwa kwenye fomu. Mzee wangu alikufa kabla ya kuiona. Naamini angeisoma fomu ile polepole mpaka chini, akatafuta safu ya mgao.

Kumbe wakati karatasi inaingia kwenye dhahabu, biashara ya vitu vingine vyote ilikuwa inatoka mikononi na kuhamia kwenye simu. Pampu za maji, jenereta, mipira ya kupulizia hewa kwenye duara, ditekta, makarasha mazima: vyote siku hizi vinatafutwa kwa kidole. Hilo lina faida kubwa kwa kijiji kilicho mbali na maduka. Na vitu hivi, tofauti na dhahabu, vina kumbukumbu. Simu ina namba yake ya tarakimu 15 ambayo ukibonyeza *#06# inajitokeza. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizima simu bandia nchi nzima kwa kufuata namba hizo. Jenereta ina namba kwenye injini. Mzani una namba, una stika ya vipimo. Anayeuza mali safi hana sababu ya kukwangua kitu chochote kati ya hivyo.

Asubuhi iliyofuata muuzaji alinipigia akitaka nusu iliyobaki. Nikamwuliza mzani aliununua wapi. Akasema ni wa shangazi yake. Nikamwuliza shangazi anaitwa mama nani. Ikapita pumzi ile ninayoijua. Akataja jina, na halikuwa lile lililoandikwa chini ya mzani. Nikamwambia sitatuma hela mpaka tuonane. Alikata, na namba haikupatikana tena.

Niliupiga picha ule mwandiko nikawatumia mabroka wenzangu wa Katoro, Nyarugusu na Geita, nikauliza nani anamfahamu mama huyu. Siku ya pili nilipata jibu. Alikuwa mnunuzi mdogo wa dhahabu kwenye machimbo mengine, mjane, na mzani ule aliuuza mwenyewe kwa hiari yake ili anunue mkubwa zaidi. Kijana alikuja, wakakubaliana bei, akabonyeza simu yake, na simu ya mama ikalia meseji ya muamala, imepangwa vizuri, ina namba ya kumbukumbu na salio jipya. Mama alimkabidhi mzani. Jioni alipokwenda kutoa fedha kwa wakala, salio lilikuwa lilelile la zamani. Meseji ilikuwa imetengenezwa.

Mwanasheria mmoja niliyemwendea Geita alinieleza jambo ambalo sikulijua. Mali ya wizi haina umiliki wa kuuzika: mwizi hawezi kukupa asichokuwa nacho. Ila mali iliyopatikana kwa udanganyifu ni habari tofauti, kwa sababu mwenyewe aliitoa kwa mkono wake, ingawa kwa kudanganywa. Kwa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, mnunuzi aliyeinunua kutoka kwa tapeli kwa nia njema, bila kujua kasoro, na kabla mwenye mali hajauvunja mkataba ule, anaweza kubaki nayo. "Una hoja, mzee wangu," aliniambia. "Wewe hukujua."

Nimelitafakari sana neno hilo, kujua. Nilijua mzani ule ni laki nane. Nilijua nusu ya bei inalipia nini. Nilikuwa nimefundishwa hilo kabla sijaota ndevu. Kwa dhahabu ya mtu anayenitazama machoni nisingekubali bei ile hata kwa dakika moja. Nilikubali kwa sababu hakukuwa na macho, kulikuwa na picha nne na maneno "bei ya kutupa". Shaka ilinijia pale pale kwenye simu, nikaipita. Mwenye shaka aliyeamua kutouliza siwezi kumwita mwenye nia njema, na sitaki mahakama inipe jina hilo.

Nilitoa maelezo polisi na kuiacha namba ya simu. Laini ilikuwa imesajiliwa kwa alama za vidole, kama zote zinavyotakiwa tangu Januari 2020, lakini vidole vilikuwa vya mkulima mmoja mzee asiyejua kama ana laini hiyo. Kumbe hata karatasi inaweza kukwanguliwa stika yake.

Mama alikuja Jumapili baada ya ibada, na binti yake. Alikuwa amefunga kwenye leso jiwe lake la kupimia la gramu 200, ambalo kijana hakulidai. Aliketi, akanywa maji, akauweka mzani sawa juu ya meza kwa kuubonyeza pembe kwa pembe kwa vidole, akaweka jiwe. Namba ilipanda, ikatetemeka, ikatulia kwenye 200.00. Akapitisha kidole gumba chini, mahali pa jina lake.

"Huyo kijana ulimwona sura, baba?" aliniuliza.

"Sikumwona, mama. Nilikuwa na namba yake tu."

Alifunga jiwe lake kwenye leso, mafundo mawili.

"Mimi nilimwona," alisema. "Nilimwuliza kwao, akaniambia. Alikunywa chai kwangu vikombe viwili."